Daftari la Kunguru

Utange, Kisauni
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu Munga,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na wifi yangu Fancy na wale wawili, Ronny na Lavender. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamefika magotini, na mguu wangu uliokuwa ukinisumbua umepona tangu waliponitoa kwenye kupiga pasi kule kiwandani wakanipa cherehani. Mama naye ni mzima. Usiikunje barua, kaka. Nimesema tu kwamba ni mzima.

Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu kila nikimtaja Mama kwenye simu, mtandao wa Nakuru hukatika. Sijui mtandao huo una ugonjwa gani. Karatasi lakini haikatiki, na ukitaka kuitupa itabidi uitupe kwa mkono wako mwenyewe.

Habari kubwa ni kwamba Mama Nyamvula anasoma Kiingereza. Ndiyo, huyo huyo, na miaka yake hamsini na tisa, aliyeachia shule darasa la tatu. Kila Jumanne na Alhamisi alasiri anafunga leso yake ya heshima na kwenda ngumbaru kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu wao anaitwa Nicanor, mzee aliyestaafu shule moja kule Frere Town, mtu mrefu asiye na haraka na jambo lolote. Hakuwapa kitabu. Alimwambia kila mmoja achague kitu kimoja cha nyumbani kwake, kisha akitafutie kila jina na kila msemo ambao Waingereza wamekipa, akiandike daftarini mpaka kiishe. Anasema mtu akikijua kitu kimoja hadi mwisho, lugha iliyobaki humfuata yenyewe. Mzee Mwarandu, jirani yetu, alichagua jembe, likamwishia wiki ya pili. Mama alichagua kunguru.

Darasa zima lilicheka. Mwalimu akamuuliza kwa nini amchague mwizi yule na ndege wazuri wamejaa. Mama akajibu kwamba ndiye anayegombana naye kila siku, amemlia vifaranga kumi na mmoja tangu Pasaka, na mtu anayekula kwako ni vizuri ujue wenzako wanamwitaje.

Kaka, sikujua Waingereza wamemshughulikia ndege huyu kiasi hiki! Mtaimbo wanauita "crowbar". Mama alishangaa sana, maana Baba alifanya kazi bandarini miaka ishirini na minane akivunja makasha kwa mtaimbo, na hakuna aliyemwambia kwamba ameshika kunguru. Alikwenda kuutoa uvunguni, akaugeuzageuza, akaitazama ile ncha iliyopasuka, akasema kweli huu ni mguu wake. Kisha kuna kile kikapu cha juu ya mlingoti wa meli, anamosimama baharia kutazama nchi kavu iko wapi. Wao wanakiita kiota cha kunguru. Hapo Mama alibishana na mwalimu siku mbili. Alisema kunguru wa kwetu anajenga kwa waya na vibanio vya nguo alivyoiba kambani, na mtu mwenye akili zake hawezi kupanda humo. Mikunjo ya pembeni mwa macho wanaiita miguu ya kunguru. Alijitazama kwenye kioo akaniambia amepewa kunguru wawili bila kuomba. Lakini aliposikia kwamba hata jogoo akiwika Waingereza husema "crow", alikataa katakata kuliandika. Alisema hawezi kumpa mwizi sifa ya kuamsha watu. Mwalimu alimwachia.

Msemo alioupenda kuliko yote ni ule wa njia ya kunguru anaporuka. Ndivyo wanavyosema wakitaka kupima umbali moja kwa moja, bila kona za barabara. Mwalimu alileta ramani na rula, akamwambia kila mtu apime mahali anapopataka. Wenzake walipima Malindi, wengine Voi. Mama alipima Nakuru. Alirudi nyumbani anahema, nami nilikuwa naosha vyombo, akanitangazia kwamba kwa barabara ni kilomita mia sita na hamsini hivi, lakini kwa kunguru ni mia tano na sabini. Alifurahi kama mtu aliyepunguziwa mzigo kichwani. Alisema kumbe Munga hayuko mbali vile tulivyodhani.

Utauliza mama mtu mzima Kiingereza cha nini. Krismasi iliyopita watoto wako walichukua simu yako wakanipigia, wewe ukiwa umetoka. Mama alikuwa karibu, nikampa awasalimie. Lavender akamuuliza jambo kwa Kiingereza, akarudia mara tatu, na kila mara Mama akajibu "yes". Mtoto akacheka, akampa simu Ronny. Mama alinirudishia simu akaenda kuwafungia kuku, na jua lilikuwa bado juu. Mwezi wa kwanza alijiandikisha ngumbaru. Aliniambia siku wajukuu zake wakija atakuwa na jambo la kuwasimulia, na watoto wote hupenda ndege. Mimi nimesoma hadi kidato cha nne, kaka, lakini sijawahi kusomea kitu kwa moyo namna ile. Ninamwonea fahari mpaka nashindwa kuificha.

Neno moja sijakutajia, nalo liko kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Ni "scarecrow", ile sanamu ya shambani ya kutishia ndege. Najua likikufikia litakuchoma. Nimelizunguka barua nzima, lakini ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Unakumbuka mambo yalivyokuwa. Miaka minne iliyopita, baada ya kumzika Baba, tulingoja siku ya kugawa nguo zake. Kwetu nguo za marehemu haziguswi kabla ya siku hiyo, na ya kwanza huvaa kifungua mimba. Koti lake la bandarini lilikuwa lako. Ukafika na basi la asubuhi, siku moja kabla, ukalikuta limesimama katikati ya mahindi, limejazwa majani makavu, na kunguru ametua begani. Ulipouliza ni nani aliyefanya vile, Mama aliinuka pale jikoni akasema ni yeye. Ulimwambia mbele ya baba wadogo kwamba mama wa kambo si mama, na kwamba alingoja mumewe afe ili amfanye kichekesho. Ukaondoka bila kula. Hujakanyaga hapa tena.

Jumanne iliyopita nilitoka kazini mapema nikampitia darasani, nikakaa dirishani kumngoja. Mwalimu alikuwa akiwapa msemo mwingine. Alisema mtu aliyekosa, akilazimika kukiri mbele ya wale aliowakosea, Waingereza husema amekula kunguru. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Aliuliza ni nani atakayekula ndege yule, na hata paka wa Utange hawamgusi. Mwalimu akamjibu kwamba ndiyo maana yake: ni nyama mbaya, lakini mwenye kosa hana budi kuimeza. Hapo Mama aliacha kucheka. Alinitupia jicho dirishani, akaliondoa upesi, akamwomba mwalimu aende kwenye neno lingine. Huo msemo hakuuandika. Miaka minne amenifichia siri, na hata msemo wa Waingereza hakutaka uninyoshee kidole. Niliona haya, kaka, haya ambayo sijapata kuiona.

Basi nakula kunguru wangu. Koti lile ni mimi niliyeivika ile sanamu. Kunguru walikuwa wamefukua mstari mzima wa mahindi, nimerudi kazini nimechoka na hasira zimenipanda, nikavuta nguo ya kwanza kwenye ule mfuko wa nguo za Baba nyuma ya mlango. Ningeweza kukuambia kwamba sikulitambua. Nililitambua. Nilijiambia nitalitoa kesho, kabla hujafika. Ulipokuwa ukimtukana Mama nilikuwa mlangoni na sahani yako mkononi, na mdomo wangu haukufunguka. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, nami niliukimbiza wangu, wa Mama ukavunjwa. Wewe ulipogeuka tu kwenda, alilitoa koti shambani, akalifua, akalinyosha. Liko msumarini chumbani kwake na hakuna aliyeruhusiwa kulivaa.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani siku hiyo ya Jumanne nilimuuliza kwa nini alidanganya. Alisema alipoolewa katika nyumba hii alikuta watoto wawili waliofiwa na mama, mmoja wa miaka saba na mmoja wa miaka miwili, na wa miwili akilala lazima ashike shati la wa saba. Alisema mama wa kambo amezoea kusemwa, neno moja zaidi halingemuua. Lakini wewe ungenilaani mimi, na mama hayupo, na sasa baba pia hayupo, tungebaki na nani? Aliona afadhali akukose yeye kuliko tukosane sisi. Kwa hiyo kila simu uliyonipigia miaka hii minne, Munga, ni yeye aliyenipa. Aliniapisha nisikuambie. Nimevunja kiapo hicho, na ni mara ya kwanza kumuasi bila kujuta.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao wanafunzi watasimama kanisani mmoja mmoja wasome madaftari yao, na kila mmoja atasimamiwa na mtoto wake. Nilimuuliza nivae gauni lipi. Alinijibu kwa upole kwamba nafasi ni ya mtu mmoja, na ameshaandika Munga. Nikamwambia Munga haji. Akasema anajua, ila nafasi hiyo si yake kumpa mtu mwingine.

Sikuombi unisamehe, kaka. Ninalokuomba ni jambo moja. Mpigie yeye kwanza. Kisha unipigie mimi, uniambie yote uliyomwambia yeye siku ile, mbele ya baba wadogo ukitaka, nami nitasikiliza mpaka uchoke.

Msalimie sana wifi Fancy. Watoto wabusu, na uwaambie kuna mtu huku anayejua mengi kuhusu kunguru. Mzee Mwarandu anakusalimu, na jirani zetu wote. Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,
Dama