Luseane Kwenye Mkeka

Neiafu, Vava'u

Mpendwa mdogo wangu Seini,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umeacha kukuuma kwa kuinama kwenye matuta ya nyanya mchana kutwa. Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamsumbua akipanda ngazi za kanisa, lakini mdomo wake haujapatwa na lolote. Shemeji yako Heneli ameanza kuchimba viazi vikuu, na jana tulikula vya kwanza. Mwanao Luseane anakula, analala, na mashavu yamejaa. Hilo nalisema mapema ili usome yaliyobaki bila moyo kukwenda mbio.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Kwa simu huwa naanza vizuri, kisha nikisikia sauti yako nasema mengine kabisa. Kwa hiyo nimempa barua hii binamu yetu Folau, anayekuja huko ng'ambo, Bundaberg, na kundi jipya la wavunaji.

Ulipoondoka, Luseane alikuwa hata shingo haijakaza vizuri. Ulimweka mikononi mwangu pale uwanja wa ndege, ukageuka haraka nisikuone uso. Tangu siku ile, Seini, sikumweka chini. Nilisuka mikeka yeye yuko mapajani. Nilipika nimembeba kiunoni. Alipolala, alilala juu ya kifua changu, nami sikuthubutu hata kukohoa. Wanawake wa kanisani walinisifu, wakasema Kalolaine amezaliwa awe mama. Unajua mwenyewe neno hilo lilinigusa wapi, mimi ambaye kila mimba yangu iliharibika.

Aliyeanza kusema ni Mama. Alisema mtoto wa jirani, mdogo kuliko wetu, anajigeuza na kukaa, lakini wetu bado anabebwa kama mfuko wa mihogo. Akaniuliza kama naogopa jogoo atamwiba. Nikamjibu kwamba kila mtoto ana wakati wake. Mama akasema ni kweli, ila wakati wa huyu nimeukalia mimi. Nilinuna mpaka jioni.

Siku zilezile ndipo nilipokutumia ile picha ya Jumapili, Luseane amekaa wima ndani ya gauni jeupe. Uliandika kwamba umelia kwa furaha na umewaonyesha wenzako wote shambani. Mdogo wangu, hakuwa amekaa. Mkono wangu ulikuwa nyuma, chini ya shuka, umemshika mgongo.

Kisha alikuja nesi Vaisioa, yule anayezunguka na chanjo. Alimlaza Luseane kifudifudi, na mtoto akaegemeza shavu, akalia, bila hata kujaribu kuinua kifua. Nesi akamkunja miguu taratibu, akamwita upande huu na upande ule, akatuandikia twende kwa daktari. Njiani sikuona barabara. Daktari alimpima macho, masikio, misuli, kila kitu, akasema haoni ugonjwa, ila tuendelee kumleta amwangalie.

Nesi ndiye aliyeniambia ukweli. Aliuliza mtoto anachezea nini kutwa. Nikasema ananichezea mimi. Akacheka kidogo, akasema, "Dada Kalolaine, huyu mtoto ana kila kitu isipokuwa sakafu." Akanieleza kwamba shingo na mikono hupata nguvu kwa kusukuma kitu, na mtoto aliyebebwa muda wote hana cha kusukuma. Nimlaze kifudifudi akiwa macho, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, nami nilale chini mbele yake anione uso. Nimpe vitu vya kushika visivyofanana: makumbi ya nazi yanayokwaruza, kitambaa laini, kijiko chenye ubaridi. Nyayo zake ziguse mchanga na majani. Nimwite nikiwa pembeni, atafute sauti inatoka wapi. Na akianza kuguna nisimrukie, maana kuguna ndiko kufanya kazi.

Basi tukatandika mkeka sebuleni. Heneli akakausha kifuu cha nazi, akatia mbegu ndani, akaziba. Akalala tumbo chini na ule mwili wake, akatambaa huku anatikisa kifuu, na Mama, akiwa mlangoni, akamwambia kwamba akikwama asitegemee wanawake kumwinua. Tulicheka sote. Luseane alimtazama baba yake mkubwa kama anayetazama mvua. Akaguna, akalia. Nikamnyanyua.

Ikawa hivyo kila siku. Nilimweka chini, akaguna, nikamnyanyua. Nesi alipopita tena alikaa akaniangalia, kisha akaniuliza kwa upole, "Unamwokoa na nini?" Jibu lake nakupa wewe, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Seini, zile nyimbo ulizokuwa unarekodi kwa simu na kunitumia, ukaomba nimwekee mtoto azisikie kabla ya kulala, sikumwekea hata moja. Nilikuandikia kwamba amesikia, amecheka, amegeuza kichwa. Ulikuwa uongo wote. Nilizisikiliza peke yangu kule nyuma ya jiko, kisha nikazima. Niliogopa akiizoea sauti yako atajua kwamba mikono hii si yako. Na uliponiuliza kama uweke jina kwa msimu wa pili au urudi, nami nikakwambia baki tu, huku mambo ni shwari, sikuwa nafikiria paa la nyumba yako lililong'olewa na kimbunga, ambalo ulikwenda kulitafutia pesa. Sikumbeba vile kwa sababu ya mapenzi peke yake. Nilimbeba ili asiwe na pengine pa kwenda.

Juzi nilimlaza mkekani, akaguna, na mikono yangu ikaanza kwenda yenyewe. Sijui nini kilinizuia. Nilichukua simu, nikaiweka ukingoni mwa mkeka, nikaufungulia wimbo wako wa kwanza, ule ambao unasimama katikati kwa sababu umeanza kulia. Luseane akanyamaza. Akainua kichwa, kikatikisika, akakishikilia. Alinitazama, akaona midomo yangu haitembei, akaniacha. Akatafuta upande mwingine. Akasukuma kwa viganja mpaka kifua kikatoka mkekani, akaanguka, akasukuma tena. Akajivuta kwa viwiko, tumbo likiburuzika, mate yanamtoka, mpaka akaifikia simu na kuilamba.

Mama alikuwa anamenya magimbi. Aliweka kisu chini, hakunitania. Alisema tu, "Mwambie mama yake." Nadhani alikuwa anajua siku nyingi.

Sikuombi unisamehe ndani ya barua, maana huwezi kunijibu usoni. Ninachoomba ni kwamba usiweke jina kwa msimu wa pili. Heneli na kaka zake wamesema paa wataliezeka wenyewe, polepole. Kama ukifika ukataka kumchukua siku hiyohiyo uende naye kwako, sitakuzuia mlangoni. Sasa hivi ninapoandika yuko chini, anahangaika na kifuu cha nazi kilichoviringika mbali naye. Anaguna. Nimekaa. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, Seini, kukaa.

Mama anakusalimu, anasema ule, usiwape wenzako chakula chako chote. Heneli anakusalimu pia. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dada yako,
Kalolaine