Mafuta ya Shangazi na Magoti ya Masika

Kisangani, mtaa wa Tshopo

Mama yangu mupenzi,

Nakushika mukono wewe na Papa. Munalala namna gani kule Butembo? Kifua ya Papa iko namna gani na ile baridi? Sisi huku tunapumua, jua linatupika. Masika, mujukuu wako, iko hapa kando yangu anatafuna mufuniko wa kalamu. Barua hii nimemupa Tonton Paluku, yule anasafirisha samaki wa kukauka kwa ndege, kwa sababu tangu vita barabara haina mutu wa kuipita. Uisome pole pole, na Papa asikie. Ni kwa ajili ya Shangazi.

Unakumbuka barua yangu ya wakati wa mvua. Niliandika kwamba magoti ya Masika yamevimba tena pamoja na homa, na kwamba mutu aliyemupaka mafuta ya mawese magotini siku ya ubatizo ni Shangazi. Niliishia hapo, sikuongeza neno. Ninyi mukamaliza wenyewe. Sasa nasikia Shangazi anapika peke yake nyuma ya jikoni, hakuna anayeonja chakula yake, na ndugu za Papa watakutana kisha mavuno kumutoa mu lupango, kiwanja cha nyumba yenu, kama mulozi, muchawi. Mama, mimi ndiye nilianzisha. Acha mimi nizime.

Sikia ilivyokuwa. Magoti yalivimba mara ya nne. Kila mara kwenye zahanati walimupiga sindano za kinini, dawa ya malaria, na kila mara uvimbe ulienda wenyewe kisha siku tano, halafu ukarudi. Jirani yangu Mama Bolumbu akaleta wembe amuchanje, eti damu mubaya itoke. Wembe ulishafika kwenye ngozi. Masika hakulia, alinitazama tu. Nikasema hapana. Nikamufunga mugongoni, nikapanda toleka, zile baiskeli za kubeba watu, mpaka lopitalo, hospitali yetu ya hapa.

Munganga wa pale ni muzee, mutu wa mutoni, wa upande wa Isangi. Aligusa yale magoti kama mutu anagusa yai. Halafu akaniuliza:

— Mama Masika, kwenu munafanya salongo?

— Kila Jumamosi, munganga. Mutaa muzima tunafagia.

— Na kapita asipokuja kuwasimamia?

— Ah! Kila mutu anashika fagio, anangoja mwenzake aanze. Takataka inabakia.

Akacheka mpaka miwani ikashuka. Akasema mwili uko vilevile. Ndani yake kuna vyumba vidogo vidogo, vidogo kupita vumbi, na kila chumba kinajifagia: kinachukua vyombo vyake vilivyovunjika, kinavisaga, kinatengeneza vingine. Kazi hiyo iko na kapita. Jina lake aliniandikia kwenye kikaratasi: enzime. Kapita huyo anaambia wafagiaji «anzeni», na anaambia waaskari wa mwili «tulieni». Akiwa muzaifu, takataka inajaa. Waaskari wanaiona, wanafikiri adui ameingia, wanaanza kupiga. Ndio pale nyama inavimba na kuwa moto.

— Na adui haiko? nikauliza.

— Haiko. Wanapigana tu mu nyumba ya mwenyewe.

Mama, sisi wa Kisangani, tulioona majeshi ya kigeni wakipigana mu mitaa yetu, jambo hilo hatuelezwi mara mbili.

Bon, nikauliza lile nililokuwa naogopa:

— Mutu anaweza kumuharibu kapita huyo kwa mukono wake? Kwa mawese?

— Mawese inaharibu shimizi tu, nguo ya mwilini, mama. Mutoto anazaliwa na kapita wake. Pengine ametoka kwako, pengine kwa papa yake. Hakuna aliyemutuma.

Hakunificha. Mashini ya kupima haiko huku, anakisia kwa macho na kwa vitabu alivyosoma. Pengine jina la ugonjwa atakosea. Lakini wembe amekataza kabisa, na sindano za bure pia. Akanipa vidonge vya kutuliza uvimbe na daftari niandike kila siku magoti yanapovimba. Kupona kabisa hakuniahidi. Uvimbe umerudi mara moja, ukakaa siku mbili tu. Jana Masika alikimbiza kuku ya Mama Bolumbu kuzunguka nyumba, mwenye kuku akapiga kelele: «Odette! Huyu mugonjwa wako atanimalizia mayai!» Nilicheka, halafu nikaingia ndani nikalia kidogo.

Donc Mama, chukua barua hii uipeleke nyuma ya jikoni. Usiite watu wengi. Kaa karibu na moto wa Shangazi, mule bugali yake kwenye sahani moja, umwambie Odette anaomba musamaha, na kwamba kosa lake ni la kalamu, si la moyo. Papa naye awaambie ndugu zake kabla ya mavuno.

Unisalimie dada yangu mukubwa na watoto wake, na katekista wetu aliyenifundisha kusoma. Mume wangu anawasalimia, iko sokoni.

Tonton Paluku akirudi, Shangazi amupe kichupa cha mawese yake. Najua utasema Kisangani mawese imejaa, tunawasha nayo hata taa. Mimi nataka ile ya kwake. Siku magoti yametulia, nitamupaka Masika kwa mukono wangu, na nitamwambia imetoka kwa nani.

Binti yenu anayewapenda,
Odette, mama ya Masika