Kisu cha Kukatia Miwa

Nyuma ya Soko la Mboga,
Irbid, Jordan.
9 Machi

Mpendwa Shangazi Dahaba,

Assalaam alaikum. Mkono wako naubusu kutoka huku niliko, ule wa kulia ulioungua kwenye tanuri, na wa kushoto pia usije ukaona wivu.

Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Jicho je, bado linatoa machozi asubuhi? Na nyati wetu wa maziwa ameshazaa, au bado anatutania? Abu Sari aliniambia mafuriko ya mfereji yamevunja ukuta wa zizi. Nimekuwa na wasiwasi tangu aliponiambia, maana nakufahamu, utaanza kubeba matofali mwenyewe.

Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa sikio la kushoto limepungua kidogo. Nitakueleza lilivyopungua, tulia kwanza.

Masomo yanakwenda. Mitihani nimefaulu, ingawa mwalimu wetu wa kung'oa meno anasema mkono wangu ni mzito na nitawaua watu. Alikuwa anatania, lakini mimi sikucheka. Mkate wa hapa ni mwembamba, unaweza kumchungulia jirani kupitia humo. Mkate wako wa jua, unaouumua juani, naukumbuka kila siku.

Shangazi, mwaka umetimia tangu Bakhiti auawe, na mpaka leo hujamruhusu mtu akupe pole. Hukuweka matanga, hukupika kahawa, hukumwita msomaji wa Kurani. Mwanamke akija mlangoni na rambirambi unamfungia. Najua ni kwa nini. Kwetu, ukipokea rambirambi umesema damu imekwisha, na wewe ulitaka kwanza damu ilipwe kwa damu.

Siku ile nilikuwa darasani, nimeshika taya la plasta la kujifunzia, Hilali aliponipigia. Unamjua mwanao alivyo, hazunguki. "Kaka yako kapigwa risasi shambani," akasema. "Ni Mutwali Haridi, kwa ajili ya zamu ya maji ya mfereji. Usije. Tunazika bila kulia." Akakata simu. Lile taya nililipigiza mezani mpaka likawa unga. Kisha kijana mmoja mpole wa Nablus, tunayekaa naye chumba kimoja, akanishika bega akaniambia, "Pole, ndugu yangu." Nikampiga ngumi ya mdomo. Ndivyo ulivyotulea, pole haipokelewi. Maskini alidhani nimeingiwa na wazimu, na labda hakukosea.

Mwaka mzima nimeishi hivyo. Nimepigana na mpangaji, nimepigana kituo cha mabasi, nimemvunja kidole muuza machungwa aliyenisukuma. Nilikuwa nalala nimekunja ngumi. Nilikuwa nakasirika hata nikiona watu wanaangua kilio msibani, kwa sababu wao wameruhusiwa.

Halafu Abu Sari akaniletea mzigo wako. Unajua yeye ndiye anayechoma mikate hapa karibu na chuo, na kila mtu wa kwetu Dishna anayefika Irbid hupita kwake. Juu kulikuwa na mikate ya jua, chini yake kopo la asali nyeusi ya miwa. Nilikula huku nalia kwa furaha. Ndipo nikafika kwenye kanzu ya Bakhiti. Hukuifua. Damu ilikuwa imekauka ikawa ngumu, na matundu yote yalikuwa mgongoni. Ndani ya kanzu ulikuwa umefunga kisu.

Hilali akapiga simu jioni ile ile. "Umepata salamu za mama?" akauliza. Nikamwambia nimezipata. "Sikiliza, Mutwali yuko jela, na hata akiwa nje ni mlevi tu, hana thamani. Damu ya Bakhiti inataka aliye bora kwao. Zaidan, mdogo wake, yuko hapo hapo Irbid anasomea uhandisi. Mungu amekusogezea. Au huko umefundishwa kushika sindano tu, dada?" Dada, mimi mwanamume.

Nilitaka kumuua, Shangazi. Usidhani nilisita. Nililala na kisu chini ya mto na nikaamka nina njaa ya kuua.

Zaidan hufanya kibarua Ijumaa, anabeba vigae kwenye jengo linalojengwa karibu na stendi. Nilimsubiri ghorofani wenzake walipokwenda kuswali. Alipotua mzigo nikamshindilia nondo ya mdomoni. Meno yalitoka, niliyaona yakiruka kwenye saruji. Sikutegemea kwamba angenirudia, lakini mtoto wa Haridi si mchezo, alinirukia akaning'ata sikio akatoka na kipande. Tulibiringishana kwenye vumbi na vigae vilivyovunjika, ananikaba, namkaba, tumelowa damu wote wawili. Mwishoni nikamkalia kifuani nikamwekea kisu shingoni. Ngozi ilikuwa imeshaanza kufunguka.

Hakuniomba msamaha. Alitema damu akasema, "Nichinje mbele hivi hivi, usinigeuze. Wasije wakasema nilikuwa nakimbia." Kisha akakitazama kisu, akakazia macho mpini wake wa mfupa ulioungua. "Wee Shadhili! Hiki si kile cha Shangazi Dahaba? Si ndicho alichokuwa akitukatia miwa? Mbwa wewe, hata makali hujakitia!"

Alikuita Shangazi. Na alisema kweli, ni kile kile. Ulikuwa unatupanga ukutani sisi watoto wa Samman na wale watoto wa Haridi, unamenya muwa, unaanza na mdogo. Zaidan ndiye aliyekuwa mdogo. Yeye alikuwa anapewa kipande cha chini chenye utamu, mimi na Bakhiti tunanuna, na wewe unatuambia, "Nyinyi mna meno, ngojeni."

Mwaka mzima sikuwa nimetukanwa kwa lafudhi ya kwetu. Sauti ilikuwa ya Bakhiti kabisa. Nilianza kulia pale juu ya kifua chake, kilio cha makelele, kile ulichokikataza, na yeye chini yangu anasema, "Ama chinja ama shuka, bwana, unanivunja mbavu."

Nilishuka.

Meno mawili niliyaokota. Moja lilikuwa limepasuka, jingine zima. Nililitia kwenye maziwa lisife, tukaenda mbio kliniki ya chuo, mimi nimeziba sikio kwa kilemba, yeye ameziba mdomo. Nililirudisha mwenyewe na kulifunga kwa waya, mwalimu akisimamia. Akauliza nani kampiga kijana huyu. Zaidan akasema ameangukiwa na vigae.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo huenda Hilali ameshakuambia. Mwenye damu, wa kuidai au kuisamehe, ni mimi. Baba hayupo, Bakhiti hakuacha mtoto, na wewe na Hilali hamwezi kuisemea damu yake mbele yangu. Kwa hiyo Ijumaa iliyopita nimeweka matanga ya Bakhiti kwenye kiwanda cha mikate cha Abu Sari. Vibarua wote wa kwetu walikuja, wa mashambani na wa majengoni. Kahawa chungu ilipikwa, msomaji alisoma. Nilisimama mlangoni nikapokea rambirambi mkono kwa mkono.

Wa mwisho aliingia Zaidan. Alikuwa hana viatu, na mikononi amebeba sanda. Mama yake alimkatia siku ile ile aliyokufa Bakhiti akamtumia huku, na kila akimpigia simu alikuwa anamuaga. Alipiga magoti akasema, "Hii roho yangu na hii sanda yangu. Fanya utakalo." Nikaichukua sanda, nikamwinua, nikamwambia amesamehewa yeye na nyumba yao.

Hapo binamu yetu Fawazi, anayechunga kondoo wa watu huku, aliruka akanipiga na kiti cha chuma kichwani. "Mwanamke wewe!" alipiga kelele. "Umemuuza kaka yako kwa kikombe cha kahawa!" Wakamwangusha, wakapigana, kahawa ikamwagika yote, kioo cha dirisha la mbele la Abu Sari kikavunjika. Nilishonwa nyuzi kichwani. Lakini mkono wa msamaha nilikuwa nimeshautoa, na walioona ni wengi mno.

Sijutii. Nimekasirika bado, nataka ujue. Nimemkasirikia Mutwali, nimemkasirikia Bakhiti kwa kubishana na mlevi mwenye bunduki, na wewe, Shangazi uliyenilea, nimekukasirikia kwa kuchagua kisu kile na si kingine. Nyumba nzima ina visu. Ulikuwa unamfikiria nani ulipokifunga?

Hilali amenitumia ujumbe kwamba nikikanyaga Dishna atanimaliza yeye, kwa aibu niliyowaletea. Ninakuja vilevile, chuo kikifunga kiangazi. Naomba jambo moja tu. Weka matanga. Nikitokea kona ya mfereji nikaona mikeka na majiko ya kahawa mlangoni, nitaingia nilie kwa haki yangu. Nisipoviona nitaingia vilevile, maana ni kwetu. Sanda ya Zaidan ninayo sandukuni. Mimi na yeye tunalingana kimo, kwa hiyo mwambie Hilali asijisumbue kununua nyingine.

Nisalimie Ami Tahami, na dada Wahiba na tumbo lake, na jirani yetu mama Nasima, hata kama mlango umemfungia. Msalimie na Hilali. Ni ndugu yangu, atake asitake.

Mungu akupe nguvu ya magoti na akulainishe moyo, akuache uishi mpaka uchoke mwenyewe.

Abu Sari anakuja likizo wiki ijayo. Nimempa asali ya hapa, dawa ya jicho, na kisu chako cha miwa nilichokitia makali. Kanzu ya Bakhiti pia imo. Nimeifua, Shangazi. Damu imetoka yote, kwa chumvi na maji baridi, kama ulivyonifundisha.

Ni mimi mtoto wako wa kulea, nikupendaye hata ukinikana,

Shadhili