Gibson Alihesabiwa, Nami Nihesabiwe

Lewisham,
London.
Jumapili, 8 Juni 2025.

Mpendwa Mjomba Naftali,

Pokea salamu zangu nyingi na za wote wa nyumba hii. Goti lako linaendeleaje? Anti Zipporah aliniambia umekataa mkongojo eti majirani watakuona mzee. Mjomba, majirani wana macho, wameshakuona. Tumia mkongojo.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Ni Juni na bado natoka na koti, lakini hiyo si habari tena. Kanisani leo tumewaombea nyote.

Barua hii anakuletea jirani yangu Jeff, anayekuja Meru kumwona mama yake. Ningepiga simu, ila ile ya juzi unaikumbuka. Niliomba jambo moja, ukasema, "Makena, rejista ziliungua, niandike nini, hewa?" kisha ukampa Anti simu. Kwenye karatasi huwezi kunikata kauli, kwa hiyo kaa kitako unisikilize mpaka mwisho.

Jambo lenyewe nalirudia pole pole. Nimeomba nafasi ya mkunga kiongozi katika wodi yetu. Intavyu ni tarehe mosi Julai. Wanataka uthibitisho wa kazi niliyofanya kabla ya kuja huku, na bila uthibitisho, miaka yangu yote ya hospitali ya misheni ni sufuri. Sufuri, Mjomba! Wewe ulikuwa katibu wa hospitali ile mpaka ilipofungwa, na kati ya wakubwa wetu wa wakati huo ndiwe pekee uliye hai. Ukinyamaza, basi mimi ni mkunga niliyeanza juzi. Wasichana niliowashika mkono siku zao za kwanza wodini wameomba nafasi hiyohiyo, nao karatasi zao zimetimia. Inaniuma, sitakuficha.

Sasa tuongee besiboli, maana hiyo ndiyo lugha inayokuingia tangu zile Jumamosi ulipotufundisha sisi wasichana kwa gongo alilochonga fundi wa hospitali.

Mwaka jana ligi kuu ya Marekani ilipotangaza kwamba takwimu za ligi za zamani za watu weusi zitaingizwa katika hesabu rasmi, ulinuna wiki nzima. Mgongaji wako Ty Cobb akashuka kutoka kileleni, Josh Gibson wa ligi za watu weusi akakaa juu yake kwa wastani wa kugonga mpira katika maisha yote ya uchezaji. Cobb alifaulu mara mia tatu sitini na kitu katika kila elfu, Gibson mia tatu sabini na kitu. Ukasema ni wizi mtupu. Ukasema Cobb alisimama kugonga zaidi ya mara elfu kumi na moja, Gibson elfu mbili na ushee tu, na mtu wa misimu mifupi hawezi kupimwa na aliyetoa jasho zaidi ya miaka ishirini. Nilicheka simu ikaniponyoka mkononi, maana ulikuwa unapiga kelele kama vile Cobb ni shemeji yako.

Hesabu zako ni sawa, sikubishii. Lakini mbona hukuuliza kwa nini za Gibson ni chache? Misimu yao ilikuwa mifupi, mechi nyingine hazikupata mtu wa kuziandika vizuri, na ile ligi kubwa ilimfungia mlango kwa rangi yake. Akafariki miezi michache kabla mlango haujafunguliwa. Karatasi zake zilikuwa chache, na kosa halikuwa lake.

Halafu kuna hili ambalo huwa hunipi nafasi ya kulisema. Kuna mkunga mwenzangu anaitwa Leena, anakaa Queensbury, bibi yake alizaliwa Kisumu, na Kiswahili anacho cha kutosha kunikosoa. Tulikaa pamoja saa ya chakula tukasoma watu wa ligi walivyohesabu. Watu walikuwa wakisimulia kwamba Gibson alipiga hom rani, zile za kuvusha mpira nje ya uwanja, karibu mia nane. Unajua wamemhesabia ngapi? Hazifiki mia mbili! Walipekua magazeti ya kale, wakahesabu zile walizozipata zimeandikwa, zile za hadithi wakaziacha. Hawakumwonea huruma wala hawakumpa zawadi. Na bado alimpita Cobb.

Nami sitaki zawadi. Najua unachoogopa, unaogopa kutia sahihi uongo katika umri huu. Ningekuwa na mjomba asiyeogopa hivyo, barua yake isingenifaa kitu. Basi ile miaka yangu ya mwanzo, kabla ya hospitali, katika zahanati ambako wewe hukuwahi kukanyaga, iache. Niliifanya kazi ile na Mungu anajua, lakini wewe hukuniona, kwa hiyo ifute kabisa. Andika uliyoyaona kwa macho yako. Andika kwamba nilikuwa wodi ya akina mama, kwamba zamu zangu ulizipanga wewe, kwamba daktari alipokosekana ulituma watu waniite mimi. Na chini yake andika kwamba rejista ziliungua paa la ofisi liliposhika moto. Huo nao ni ukweli, usiuonee aibu.

Usipoandika nitakwenda vilevile. Nitakaa mbele yao niwaeleze kwa mdomo wangu. Wakinikataa nitaomba tena, wakinikataa tena nitarudi, mpaka walichoke jina langu. Ila kusema kwamba nilianzia ukunga London, hapo sitafika. Leena anasema mimi ni mkaidi. Nimemwambia asubiri akutane na mjomba wangu.

Nisalimie Anti Zipporah, mwambie kitenge alichoniagiza kiko ndani ya mzigo wa Jeff. Wasalimie binti yako na mkweo Kibet. Na mjukuu wako Irene, mpe hongera kwa kuingia timu ya shule. Yule nilimpokea kwa mikono hii, wewe uko mlangoni umekumbatia thamosi yako ya uji. Jina lake lilikuwa katika rejista ya waliozaliwa, nayo ikaungua na nyingine kabla cheti hakijatolewa. Ulipofika wakati wa kumwandikisha shule, nani alikwenda kwa chifu akaandika kiapo kwamba mtoto huyu alizaliwa pale, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwapo akaona? Ni wewe, Mjomba, na hukumuuliza mtu uandike nini. Ulijaza ukurasa mzima. Mimi naomba nusu.

Mungu awatunze, awazidishie siku na amani nyumbani.

Mpwa wako akupendaye hata ukinuna,

Makena.