Namba Inayoishia na 417

Jumatatu, 3 Juni
Mawingu, manyunyu, baridi ya kipupwe. Nimefika zahanati saa moja kasoro kumi. Nimepangusa vumbi kwenye seva, nimeandika joto la chumba. Saa tatu utafutaji wa mafaili umeganda tena. Dakika kumi na moja. Benchi limejaa kina mama, watoto wanalia. Mganga mfawidhi anataka jina la anayeuangusha mfumo. Mwisho Ijumaa. Ataondolewa mapokezi.

Jumanne, 4 Juni
Jua. Nimesoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari. Utafutaji mzito wote una nyota mbele: *417, *062, *880. Nyota maana yake "chochote kile". Ikikaa mwishoni, seva inajua pa kuanzia. Ikikaa mbele, inapitia kila namba ya simu tuliyonayo, maana mafaili tunayatafuta kwa namba ya simu.
Zote zimetoka kwenye kompyuta ya Bi Zuhura wa mapokezi. Yeye ndiye aliyenipokea hapa, nina cheti cha kidato cha nne na viatu vya kuazima.
Sijamwambia mtu.

Jumatano, 5 Juni
Nimemwamkia, nikamwomba aache nyota. Amecheka.
"We mtoto! Si ulinifundisha mwenyewe?"
Kweli. Mwaka jana, siku mfumo ulipowekwa. Nimelitazama daftari langu la wakati ule. Imeandikwa, kwa mwandiko wangu. Aibu.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekaa kando yake asubuhi nzima. Amekuja mama wa Chamazi, kadi imepotea, mtoto ana homa. Alijiandikisha kwa simu ya mumewe.
"Inaishia na ngapi, mama?"
"Nne moja saba."
Hakuna aliyekumbuka mwanzo wa namba. Hata mie ya dada yangu naijua mwisho tu. Bi Zuhura hana kosa. Seva inaanza kusoma upande ambao watu hawaukumbuki.
Wagonjwa walipoisha nimeihifadhi kila namba mara ya pili, ikiwa imegeuzwa. Inayoishia na 417 sasa inaanza na 714. Bi Zuhura ataandika mwisho kama kawaida, mashine itageuza yenyewe, nyota itakaa nyuma. Nimejaribu mara ishirini. Naogopa kesho.

Ijumaa, 7 Juni
Mawingu tena. Saa tatu benchi lilijaa. Bi Zuhura akaandika tarakimu tatu. Faili likatoka kabla hajainua kidole.
"Heh! Umeinywesha uji?"
Siku nzima haikuganda.
Mganga mfawidhi ameuliza jina. Nimetaja langu: nilifundisha vibaya, nimerekebisha. Amesema niandike ripoti, na mapokezi pabaki palivyo.
Wakati wa kutoka Bi Zuhura amenitilia visheti mkobani, vimefungwa kwenye karatasi. Hajui kwamba jina lake lilikuwa linatafutwa. Sitamwambia.
Vimebaki viwili. Wiki nzima nimelala saa nane usiku. Leo saa tatu na robo, nazima taa.