Mswaki wa Kuoshea Rimu

Jumamosi, 2 Agosti

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu: ninamwonea wivu Wafula kwa sababu ya mswaki. Mswaki mzee. Najua ni upuzi.

Tangu nikiwa darasa la nne, mswaki wangu ukichakaa Baba huuchukua aoshee rimu za gari. Kila Jumamosi, mimi na yeye, ndoo ya sabuni na ndoo ya maji safi. Kazi yangu ni matundu ya nati, maana vidole vyangu ni vyembamba. Hapo ndipo Baba huongea. Ndani ya nyumba haongei.

Leo niko kwenye balkoni na kitabu. Chini anayesugua matundu ni Wafula, kwa mswaki wake wa kijani. Wanacheka. Nimesoma ukurasa mmoja mara tano.

Wafula ni mtoto wa ndugu yake Baba. Alitoka Kakamega mwezi wa tano kuja kusomea umekanika hapa Ruiru. Ameshazoeana na wapangaji wa ploti nzima. Mimi hata kumsalimia soja wa geti hunitoa jasho.

Jumanne, 5 Agosti

Shiro, binti wa mwenye ploti, anaolewa Jumamosi. Baba ndiye atakayempeleka kanisani Thika, kisha Chania kupiga picha kwenye maporomoko. Kwa gari letu! Baba amelizunguka mara tatu akitazama rimu.

"Tutazing'arisha Ijumaa," akamwambia Wafula. "Wewe na mimi."

Nilikuwa hapo hapo, nimeshika sahani.

Nimechukia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeenda maktaba. Nimesoma sura nzima kuhusu rimu za aloi. Ziache zipoe kwanza. Usizioshe juani. Mwisho paka nta, vumbi la breki lisishike. Na hili: rimu iliyokwanguliwa rangi yake ya juu isiguswe na asidi, itaungua. Zetu Baba alizikwangua kwa msasa mwaka jana ili zing'ae kama kioo.

Nimeandika yote kwenye karatasi nimpe Baba. Yeye na Wafula walikuwa wakitazama mpira. Karatasi bado iko mfukoni.

Ijumaa, 8 Agosti

Andika tu.

Baba alirudi kutoka kazini, kiwandani Thika, saa saba, akapanda juu kula. Jua kali. Rimu bado za moto. Wafula akatoa chupa ya soda isiyo na karatasi, ndani maji ya manjano. Dawa, alisema, amepewa na marafiki zake wa kuosha magari kule Kamakis. Harufu ilinifikia balkoni, ikanichoma pua kama asidi.

"Profesa!" akaniita. "Wewe husoma kila kitu. Hii inafaa aloi?"

Karatasi ilikuwa mfukoni. Niliigusa.

"Sijui," nikasema.

"Basi tujaribu. Bibi harusi atajiona humo hadi meno!"

Akamwaga kwenye zote nne. Povu. Aliposuuza, rimu zilikuwa na mabaka meupe, kama mashilingi, ule ugonjwa wa ngozi, kichwani mwa mtoto.

Mama Shiro alitoka akashika kiuno. "Ngai fafa! Hii gari imeshikwa na ugonjwa gani?"

Baba alishuka na ugali bado mkononi. "Nani alikwambia uweke hii?"

"Hakuna, ankoo. Ni mimi tu."

Hakusema kwamba aliniuliza.

Jumamosi, 9 Agosti

Shiro amepelekwa na gari la mtu mwingine. Letu limebaki ploti. Baba alikuwa amevaa suti. Akaivua.

Amemwambia Wafula asiguse gari tena, na mwezi ukiisha atafute pa kukaa. Kisha akanigeukia: "Jumamosi ijayo ni wewe na mimi, kama zamani."

Nimepata nilichotaka. Pilau ya harusi ililetwa. Sikuweza kula.

Jumatano, 13 Agosti

Wafula amekunja nguo zake kwenye begi. Leo ameniuliza kama maktaba ina kitabu cha kutengeneza rimu zilizoungua.

"Nisaidie, Profesa. Nisimwache ankoo na gari hivi."

Ningependa awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi.

Jumamosi, 16 Agosti

Mawingu. Baba alijaza ndoo mbili, akanyoosha mkono nimpe mswaki wangu. Nikampa karatasi.

Nikamwambia: Wafula aliniuliza. Nilijua. Nikasema sijui.

Baba aliisoma amesimama. Akaisoma tena. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Kamwite," akasema.

Nilipanda ngazi. Wafula alikuwa mlangoni, begi lake kando. Nikamwambia yote, haraka, nikitazama viatu vyake.

"Sawa," akasema. Hakuniita Profesa.

Tulishuka. Baba alitoa msasa laini, akaulowesha majini, akatugawia vipande. Hakuna aliyecheka. Tulisugua rimu ya mbele kushoto kwa zamu hadi saa kumi, mabaka yakaisha. Wafula akaing'arisha kwa kitambaa. Matundu ya nati yalikuwa yangu, nikayasafisha. Baba akapaka nta.

Zimebaki tatu. Begi la Wafula bado liko mlangoni, na Baba hajasema kitu juu yake.

Niliosha miswaki yote miwili, wangu na ule wa kijani, nikaiweka kwenye mkebe mmoja. Nikamwaga maji ya ndoo. Nikapanda juu.