Shingo ya Karani

3 Februari

Baba yangu,

Shikamoo, na ya Mama umpelekee hukohuko jikoni. Goti linasemaje siku hizi? Mimi mzima, nakula, nalala, na duka la miwani bado halijanifukuza.

Nina habari, ila kaa chini kwanza. Nimepata mbwa. Sikumtafuta, naapa! Mpangaji aliyenitangulia alihama akamwacha uani, naye akahamia mlangoni kwangu. Ni mrefu, mwembamba, mpole. Kila asubuhi anakaa kizingitini kukagua wanaotoka na wanaoingia, basi nikamwita Karani.

Mwenye nyumba hamtaki. Amekubali kwa sharti moja: akivuka ua awe na mkanda shingoni na kamba mkononi mwangu. Akimwona huru mara tatu, mbwa anaondoka. Dukani nimekuta mkanda wa kitoto unaomkaba, na mnyororo mzito wa kufungia geti. Nikajiuliza, mtoto wa fundi mikanda anahangaika na nini? Nimempima shingo: sentimita arobaini na nne. Nikatie mkanda na kamba yake, Baba, tafadhali.

Na usinicheke. Tangu nihamie mji huu, yeye ndiye wa kwanza kufurahi nikirudi kutoka kazini.

Binti yako

14 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halinijui wala mimi silijui, tunakutana ngazini tu. Mama yako anakusalimu na anauliza mbwa anakula nini, na wewe je, unakula kama yeye?

Mbwa! Ukoo wetu haujawahi kufuga hata kuku akatulia. Haya, aliyeomba ni mwanangu, nifanyeje?

Nimekukatia ngozi ileile ya mikanda ya walinzi, haikatiki hata kwa msumeno. Uliandika arobaini na nne, nimeona. Nimekata hamsini na sita. Kila chenye uhai kinakua na ngozi haiongezeki, kwa hiyo nimeacha nafasi na kutoboa matundu tisa. Kamba nimeipa mita nne, mnyama apate hewa. Usinishukuru.

Baba yako

25 Februari

Baba,

Shikamoo. Kifurushi kimefika, na harufu ya karakana yako imejaa chumbani. Nilikaa nikainusa kama mjinga.

Sasa sikiliza. Nilimvisha Karani, nikakaza mpaka tundu la mwisho, tukatoka. Hatua ya tano akarudi kinyumenyume, akainamisha kichwa, akatoka ndani ya mkanda kama mtu anayevua fulana. Nikabaki nimeshika kamba na duara la ngozi. Kwa bahati nikamkamata kabla hatujaonekana. Nikamfunga tena kwa kitambaa cha kichwani, na hapo ndipo mita nne zilipoonyesha kazi yake: akazunguka tangi la maji, akazunguka nguzo ya kamba ya nguo, akanizunguka na mimi. Kitambaa kikafunguka. Mwenye nyumba alikuwa dirishani. “Moja,” akasema, akafunga dirisha.

Baba, Karani ana miaka mitano! Daktari wa mifugo amemkagua meno. Hakui tena. Wewe ndiye uliyenitengenezea viatu darasa la pili vikaja kunitosha darasa la tano, nikijaza magazeti vidoleni miaka mitatu. Daktari anasema mkanda uwe wa kipimo chake leo, vidole viwili vipite kati ya ngozi na shingo, visizidi. Kamba mita moja na nusu inatosha. Na ndoano iwe nyepesi, ile uliyoweka inaweza kuvuta trekta.

Usikasirike.

Binti yako

6 Machi

Binti,

Sijambo. Sikukasirika. Miaka arobaini nakata ngozi, leo nafundishwa na daktari wa ng’ombe, nikasirike kwa nini?

Mama yako amecheka mpaka amekaa chini. Amesema viatu vile anavikumbuka, na kwamba kanzu yangu ya harusi nayo nilishona ya kukulia.

Huu hapa mwingine. Arobaini na nne na vidole viwili, wala sijaongeza hata upana wa uzi, ingawa mkono ulitaka kuongeza. Nimeupeleka kwa jirani muuza nyama, nikamvisha mbwa wake. Ukamkaa kama amezaliwa nao. Kamba mita moja na nusu, ndoano ya mkoba wa kike. Sasa mwambie mwenye nyumba ahesabu nyota.

Baba

16 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imewakuta wazima wote.

Kamba ni nzuri mno. Inanikaa mkononi, Karani anatembea ubavuni kwangu, hatufungani. Na mkanda ni mzuri. Siku nne tulivuka ua kama watu wenye heshima zao. Siku ya tano pikipiki ikapiga mlio, akashtuka, akavuta nyuma, na mkanda ukapita masikioni ukatoka. Kichwa chake ni chembamba, Baba, hakina pa kuuzuia. Nikiukaza zaidi anakohoa, nikiulegeza anatoka.

Nilimkuta sebuleni kwa mwenye nyumba, amekaa kwenye kiti chake. “Mbili.”

Imebaki moja, na moja naijua itakavyokuja. Mfanyakazi mwenzangu ana ndugu mwenye shamba. Atamchukua mwisho wa mwezi. Ni mbali, lakini huko atakimbia bila kamba. Usikate mwingine, umeshachoka. Nimeanza kumzoeza kulala nje ya mlango ili asije akaumia sana. Yeye amezoea. Mimi bado.

Binti yako

20 Machi

Mama, mwanangu,

Usimpeleke kokote.

Salamu utazipata nikimaliza. Ile barua yako ya kwanza, pale uliposema anayefurahi ukirudi ni mbwa, mama yako aliisoma kwa sauti mara mbili. Mimi nilijifanya natafuta sindano chini ya meza. Iliniuma. Uko mbali, sina ninaloweza kukufanyia isipokuwa kukata ngozi, na ngozi yenyewe nimekosea mara mbili. Halafu unaniambia nimechoka! Nani kakwambia?

Kosa nimeliona. Mimi ni fundi wa mikanda ya viuno. Mtu ana nyonga, mkanda ukishapita unashikwa na nyonga, humuulizi kitu kingine. Nikamkatia Karani kana kwamba naye ana nyonga kichwani. Mbwa wa muuza nyama ana kichwa kama ndoo, ndiyo maana nilidanganyika.

Fanya hivi. Chukua uzi. Zungusha kichwani pale palipo papana, nyuma ya macho, funga fundo. Kisha zungusha juu kabisa ya shingo, chini tu ya masikio, siyo kule chini ulikopima mwanzo. Funga fundo la pili. Usiniandikie namba, nikiona namba mkono unaongeza wenyewe. Nitumie uzi.

Wote wazima. Nakusalimu sana.

Baba yako

24 Machi

Baba,

Shikamoo. Uzi huu hapa. Fundo karibu na ncha niliyoipaka rangi nyekundu ni kichwa, la pili ni shingo. Una unyevu kwa sababu Karani aliula, nikauchomoa mdomoni.

Nimewaambia wa shamba wasubiri.

Binti yako

31 Machi

Mwanangu,

Hujambo? Na huyo mla nyuzi?

Fungua taratibu. Mkanda hauna bizimu ya kufungia, usiitafute. Unaupitisha kichwani mzimamzima. Ncha zake mbili zina pete, na ndani ya pete nimepitisha kikanda kidogo. Kamba unaifunga kwenye hicho kidogo. Akitembea vizuri, mkanda umelegea, vidole vyako viwili vinapita. Akivuta nyuma, kikanda kinakaza mpaka kipimo cha fundo lako la pili, kile cha shingo, kinakoma hapo. Hakimnyongi wala hakimwachii. Nimeuvaa mwenyewe mkononi, mama yako akavuta kwa nguvu zote alizonazo, na anazo. Niko mzima.

Mvishe, uvuke ua mchana kweupe, mwenye nyumba akiona. Kisha uniandikie siku hiyohiyo, maana sitakuwa na kazi nitakayoiweza.

Baba

7 Aprili

Baba yangu, Mama yangu,

Shikamooni. Naandika nimesimama.

Nilimwomba mwenye nyumba atoke mlangoni. Akatoka na kikombe chake, akaegemea nguzo. Tukaanza kuvuka. Tulipofika katikati, paka wake akaruka kutoka ukutani, akapita mbele ya pua ya Karani. Karani akarusha miguu minne kwa pamoja, akageuka, akavuta nyuma na kichwa ameinamisha, vilevile kama siku zile. Mimi nilifumba macho, Baba. Sikuweza kutazama.

Nilipofumbua, yuko palepale. Mkanda uko chini ya masikio. Akajitikisa, akanitazama, akakaa.

Mwenye nyumba akaja akachuchumaa. Akapitisha vidole viwili chini ya ngozi, akavuta kikanda, akakiachia. Akaniuliza nimeununua wapi. Nikamwambia haujanunuliwa, umekatwa na baba yangu, na kwamba huu ni wa tatu. Akaupitia mkanda kwa kidole, mshono mmoja mmoja, mpaka mwisho.

“Tatu,” akasema. “Basi akae.”

Binti yenu